Aliyeuza Unga, Kisha Akawauza Wenzake

Tarehe 5 Juni 1977 jarida la Jumapili la gazeti la New York Times lilitoka na picha ya muuza unga kwenye jalada. Amevaa suti ya jinzi na tai yenye rangi za bendera ya Marekani, anaitazama kamera kwa utulivu wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Huyo ni Leroy Barnes, Nicky kwa watu wa Harlem, na jarida lilimpa jina la Bwana Asiyegusika kwa sababu alishakamatwa mara kadhaa na kila mara akaponyoka. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba alikubali kupigwa picha ile ili gazeti lisije likatumia picha yake ya polisi. Maringo hayo yalimponza. Inasimuliwa kwamba Rais Jimmy Carter aliliona jalada, akamwagiza mwanasheria mkuu wake, Griffin Bell, ahakikishe safari hii jamaa hachomoki. Desemba mwaka huohuo Barnes alitiwa hatiani. Januari 1978 akafungwa maisha, bila nafasi ya kuachiliwa mapema.

Miaka 30 baada ya jalada lile kilitoka kitabu. Mr. Untouchable, ambacho Barnes alikiandika pamoja na Tom Folsom, ni tawasifu ya mtu aliyefanya kazi mbili zisizopatana: aliuza heroini, kisha akawauza kwa serikali wale aliouza nao. Tangu hapo wasomaji wake hawajapatana. Wapo wanaomwona msaliti asiyestahili hata kusikilizwa. Wapo wanaosema ni mkweli kuliko wenzake wote wa zama zile, maana hakujipamba. Wapo wanaohoji kama kuna ukurasa hata mmoja wa kuaminika. Na wapo wa nne, hasa waliozika ndugu zao kwa sababu ya sindano, ambao ugomvi huo mzima unawachosha.

Barnes si peke yake. Henry Hill, aliyekamatwa 1980 kwa dawa za kulevya na kuwageuka wakubwa zake wa Mafia, alitoa kisa kilichozaa kitabu Wiseguy cha Nicholas Pileggi mwaka 1985, kisha filamu ya Goodfellas. Max Mermelstein, aliyewaingizia Wakolombia wa Medellín kokeini Marekani na baadaye kutoa ushahidi dhidi yao, alitoa kitabu chake 1990. Frank Lucas, hasimu wa Barnes pale Harlem, alitoa chake 2010. Ni rafu nzima ya vitabu, na mabishano ya wasomaji juu yake yanafanana kiasi kwamba mtu anaweza kuyachambua kwa kumshika Barnes na kuwatazama wengine kwa jicho la pembeni.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Barnes alizaliwa Harlem mwaka 1933, na kabla hajawa muuzaji alikuwa mtumiaji. Aliacha, kisha akarudi sokoni kwa mlango mwingine. Jela, miaka ya 1960, alikutana na Joey Gallo, mtu wa Mafia ya New York, akajifunza kwake kwamba biashara ile inataka chombo chenye taratibu, si ubabe wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1972 akaunda Baraza: wanaume saba weusi walioshirikiana kupata mzigo kutoka kwa Waitaliano, kuamua magomvi yao wenyewe na kuapizana udugu. Mmoja akipatwa na la kumpata, wenzake wangemsimamia.

Alipofungwa, Barnes alingoja kusimamiwa. Katika gereza la Marion, Illinois, zilimfikia habari nyingine: mawakili hawalipwi, mali inatapanywa, watoto hawaangaliwi, na Guy Fisher, mmoja wa wale saba, ana uhusiano na mwanamke wake. Hapo akakata shauri. Aliwapa waendesha mashtaka majina 109, yakiwemo ya wanachama wa Baraza na la mkewe. Watu 44 walishtakiwa, 16 wakatiwa hatiani. Alikiri pia kuhusika kwake katika mauaji ya watu wanane. Fisher akapata kifungo cha maisha. Rudy Giuliani, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa shirikisho jijini New York, alimtetea Barnes apunguziwe adhabu, na Agosti 1998 mzee huyo akatoka, akapewa jina jipya na kwenda kuishi mahali pasipojulikana. Katika filamu ya maisha yake iliyoongozwa na Marc Levin, iliyotoka mwaka mmoja na kitabu, anazungumza uso ukiwa gizani. Alifariki kwa saratani mwaka 2012, na dunia ilikuja kujua 2019, gazeti lilelile la New York Times lilipoandika.

Sasa wasomaji. Kundi lenye sauti kubwa kuliko yote ni la wale wanaohukumu kwa kiapo. Kwao suala ni fupi: ulikula na watu, ulivaa nao, mlipobanwa ukawachoma ili wewe utoke. Hawahangaiki na heroini; wanahangaika na udugu. Mwaka kilipotoka kitabu hewa ilikuwa imejaa fikra hizo. Miaka mitatu nyuma huko Baltimore ilizuka video ya mitaani iliyowaonya watu wasitoe habari kwa polisi, na fulana zenye ujumbe huo zikauzwa miji mingi. Aprili 2007 rapa Cam'ron wa Harlem aliulizwa kwenye kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kama angewaambia polisi endapo jirani yake angekuwa muuaji wa watu kadhaa. Alijibu kwamba asingewaambia, labda angehama. Baadaye aliomba radhi, lakini jibu lilishasafiri.

Wanaohukumu hivi huchanganya watu wawili tofauti, na hapo ndipo hukumu yao inapoyumba. Mwanachama wa genge anayewataja wenzake ili apunguziwe miaka ni mtu mmoja. Mama anayepiga simu polisi kwa kuwa mapusha wamegeuza kibaraza chake kijiwe ni mtu mwingine kabisa; huyo hakula kiapo na yeyote, na hana cha kupunguziwa. Baltimore hiyohiyo, Oktoba 2002, familia ya watu saba, wazazi na watoto watano, iliangamia baada ya nyumba yao kuchomwa moto kwa kuwa walikuwa wakiwaripoti wauza unga wa mtaani. Aliyeichoma nyumba ile hakuwa na kiapo cha kulinda. Alikuwa na kaunta ya kulinda. Sheria ya wahuni kwa wahuni, ikishavuka mipaka yake na kuwafunga midomo raia, inaacha kuwa suala la udugu. Ajabu ni kwamba kitabu cha Barnes kinaweza kuwasaidia wasomaji kuona tofauti hiyo, maana yeye hajifanyi raia mwema. Hasemi dhamira ilimsuta usiku. Anasema alitaka kulipiza.

Hilo la kulipiza ndilo limewagawa hata wale waliotaka kumsamehe. Msomaji aliyelelewa kanisani au madrasa hutarajia toba: mtu ametenda, amejuta, amesema kweli, amepumzika. Barnes hatoi mpangilio huo. Kwa wengine hapo ndipo anapokuwa mbaya zaidi, mtu aliyeshindwa hata kusaliti kwa sababu njema. Kwa wengine hapo ndipo anapoaminika, kwa kuwa mtu anayetaka kukudanganya angechagua sababu nzuri kuliko wivu na fedha za mawakili. Mwandishi wa makala haya yuko karibu zaidi na hao wa pili, kwa kipimo cha uandishi tu.

Ukitaka kuona jinsi hukumu ya wasomaji inavyotegemea aliyetajwa kuliko kitendo cha kutaja, mweke Frank Lucas pembeni. Nyumba yake ya New Jersey ilivamiwa Januari 1975, zikakutwa zaidi ya dola 584,000 taslimu, akahukumiwa jumla ya miaka 70. Naye alishirikiana na serikali, watu zaidi ya 100 wakapatikana na hatia kwa habari zake, na mwaka 1981 alikuwa nje. Alirudi tena jela muda si mrefu kwa biashara ileile, kwa kifungo kifupi. Kwa hesabu hiyo Lucas ni Barnes aliyefanikiwa zaidi na mapema zaidi. Lakini hadi anafariki Mei 2019 alikana kuwa alimchoma mtu, na mamilioni ya watu wanamjua kwa sura ya Denzel Washington katika American Gangster, filamu ya 2007 ambamo ushirikiano wake na serikali unaelekezwa kwa polisi wala rushwa. Maandishi ya mwisho ya filamu yalidai kwamba alisaidia kuwatia hatiani robo tatu ya makachero wa dawa za kulevya wa New York. Makachero wa zamani walishtaki kampuni ya filamu mwaka 2008. Jaji aliitupa kesi, ingawa aliisuta kampuni kwa kuandika mambo yasiyo sahihi.

Basi Lucas akaingia historia ya mtaa kama mkulima wa Kusini aliyewapiga chenga Mafia, na Barnes, aliyechezwa na Cuba Gooding Jr. katika filamu hiyohiyo kama mpuuzi mwenye majigambo, akabaki na lile doa. Novemba 2007 mwandishi Mark Jacobson wa New York Magazine aliwaunganisha wazee hao wawili wazungumze. Mmoja aliutetea usaliti wake, mwingine akaukana wake.

Sinema ilishatoa hukumu hata kabla ya kitabu. Katika New Jack City ya mwaka 1991, mhusika Nino Brown, ambaye watazamaji wengi wamemsoma kama kivuli cha Barnes, anasimama kizimbani, anamtwisha mwingine uongozi wa genge, anapata adhabu nyepesi, na akitoka tu mahakamani mzee wa mtaani anampiga risasi. Watu kwenye kumbi za sinema walishangilia. Inafaa kuangalia ni nani aliyepewa bastola na mtunzi wa filamu: si mwanachama wa genge aliyesalitiwa, ni mzee aliyechoka na unga. Wasomaji wa tawasifu ya Barnes mara nyingi humkumbuka Nino na kusahau kwamba aliyempiga hakuwa akilipiza kiapo.

Wenye shaka nao wana hoja nzito, tena ya kitaalamu. Mtoa habari wa aina hii hulipwa kwa miaka ya maisha yake mwenyewe. Kadiri anavyosema mengi ndivyo malipo yanavyokua. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern walipitia kesi za watu 111 waliokuwa wamehukumiwa kifo Marekani na baadaye kuonekana hawana hatia: 51 kati yao walikuwa wameangushwa, walau kwa sehemu, na ushahidi wa watu wenye cha kupata kwa kusema. Profesa wa sheria Alexandra Natapoff aliandika kitabu kizima juu ya mfumo huo, Snitching, kilichotoka 2009, akionyesha jinsi mapatano ya faragha kati ya polisi na wahalifu yanavyokwepa macho ya mahakama. Sasa mtu aliyezoea miaka mingi kutoa masimulizi yanayompendeza msikilizaji mwenye funguo za gereza, anapokaa na mwandishi mwenza kutoa masimulizi ya kumpendeza mnunuzi wa kitabu, kwa nini aaminiwe?

Jibu haliwezi kuwa moja kwa kitabu kizima. Katika tawasifu hizi kuna tabaka mbili. Yale Barnes aliyoyasema chini ya kiapo, mbele ya mawakili waliolipwa kumchanachana, yamepitia tanuri. Majina yalitolewa, watu wakajitetea, wengine wakaachiwa, wengine wakafungwa. Yale mengine, mazungumzo ya faragha ya mwaka 1973, alichovaa nani, nani alimwogopa nani, hayana shahidi ila yeye, na baadhi ya waliokuwapo yeye ndiye aliyewapeleka jela au kuwapeleka kaburini. Lucas ni mfano mbaya zaidi. Alijigamba kwamba heroini yake ilisafirishwa kutoka Asia katika majeneza ya wanajeshi waliokufa Vietnam. Leslie "Ike" Atkinson, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa na mtandao wenyewe kule Thailand, alikana kwamba majeneza yalitumika. Hata hivyo majeneza yamekaa vichwani mwa watu hadi leo, kwa sababu ni picha kali, na picha kali huuza.

Ndiyo maana Wiseguy imezeeka vizuri kuliko vitabu vingine vya rafu hii. Pileggi, mwandishi wa habari za uhalifu, hakumwachia Hill aandike peke yake. Alimhoji pia mkewe Karen, akapekua rekodi, akamweka Hill katikati ya sauti nyingine. Msomaji anasikia mume akijisifu ukurasa huu, na ukurasa ule mke anasimulia jinsi nyumba ilivyokuwa. Barnes hana mtu wa kumkatiza, na hilo ni pengo la kitabu chake kuliko usaliti wenyewe.

Fedha pia zimewatibua wengi: kwa nini mhalifu alipwe kwa kusimulia uhalifu wake? Mwaka 1977, mwaka uleule wa kesi ya Barnes, bunge la jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuzuia jambo hilo, baada ya kukamatwa kwa muuaji aliyejiita Son of Sam. Fedha za kitabu cha mhalifu zilitakiwa kwenda kwenye mfuko wa waathirika. Ilikuwa Wiseguy iliyoiangusha. Wachapishaji Simon & Schuster walikuwa wameshalipa dola 96,250 kwa ajili ya Hill na walishikilia dola 27,958 nyingine wakati bodi ya waathirika ilipodai zote. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Desemba 1991 majaji wanane, bila mmoja kupinga, walisema sheria ile inakiuka uhuru wa kusema. Jaji Sandra Day O'Connor alitoa mifano ya vitabu ambavyo vingenaswa na wavu uleule: tawasifu ya Malcolm X, maandishi ya Thoreau juu ya kuasi sheria dhalimu, hata Maungamo ya Mtakatifu Agostino, aliyekiri kuiba mapeasi ujanani. Hoja ya jaji ni safi kisheria. Haimwondolei msomaji haki ya kukasirika anapotoa noti yake dukani, na wapo walioamua kusoma nakala ya maktaba tu kwa sababu hiyo.

Yote haya, kiapo, ukweli na fedha, yanazunguka jambo ambalo wasomaji hulitaja kwa nadra, nalo ni zito kuliko yote: nani ana majina ya kuuza. Mwaka 1973, wakati Baraza likitamba, Gavana Nelson Rockefeller alitia saini sheria za New York zilizoweka kifungo cha kuanzia miaka 15 hadi maisha kwa mtu aliyekutwa na aunsi chache tu za heroini au kokeini. Zililengwa kwa mapapa. Zilinasa punda, vijana wa kona na wanawake waliobebeshwa mizigo ya wapenzi wao. Ngazi ya shirikisho ikafuata 1986 kwa vifungo vya lazima vya dawa za kulevya, na mwongozo wa adhabu wa 1987 ukaweka njia rasmi ya kutokea: jaji anaweza kushuka chini ya kiwango endapo mwendesha mashtaka atasema mshtakiwa ametoa msaada mkubwa. Msaada mkubwa maana yake majina. Papa ana majina mengi kwa kuwa watu wengi walimfanyia kazi. Punda analijua jina la aliyempa begi, na mara nyingi si jina la kweli. Mwenye hatia kubwa ndiye mwenye mtaji mkubwa wa kupunguziwa.

Barnes alikuwa na majina 109.

Mfano wa upande wa pili ni Rick Ross wa Los Angeles, aliyeuza kokeini kwa wingi usio wa kawaida miaka ya 1980 na ambaye tawasifu yake, iliyotoka 2014, imeandikwa na aliyeuzwa. Muuzaji wake wa jumla, Oscar Danilo Blandón kutoka Nicaragua, alikamatwa, akafungwa muda mfupi, akatoka na kugeuka mtoa habari aliyelipwa na serikali zaidi ya dola 166,000. Mwaka 1995 Blandón alimtega Ross kwa mzigo wa kilo 100. Ross, aliyejifunza kusoma gerezani akiwa na umri wa miaka 28, alihukumiwa kifungo cha maisha, kisha akagundua kwa kusoma sheria kwamba adhabu ile ilikuwa na kasoro. Ikapunguzwa, akatoka 2009. Waliosoma vitabu vyote viwili huwa na huruma zaidi kwa Ross. Lakini huruma hiyo si hoja. Ross naye alijaza mitaa kokeini. Kinachobadilika ni nani anayesimulia akiwa kwenye ncha ipi ya kisu.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki akidhani haya ni mambo ya Wamarekani, atazame mahakama ileile iliyomhukumu Barnes, ya shirikisho kule Manhattan. Novemba 2014 ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa baada ya watu waliojifanya mawakala wa Wakolombia kununua kwao heroini. Hao mawakala walikuwa watoa habari wa shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya. Januari 2017 akina Akasha walipelekwa New York pamoja na mshirika wao Vijay Goswami. Ndugu hao walikiri makosa 2018. Goswami aliwageuka, akapanda kizimbani mwaka 2019 kueleza matendo ya kundi lao. Agosti mwaka huo Baktash alipewa miaka 25, na Januari 2020 Ibrahim akapewa 23. Kuanzia mtego hadi hukumu, kesi ile ilijengwa na watoa habari, na Mombasa maoni yaligawanyika kwa mistari ambayo msomaji wa Barnes angeitambua mara moja.

Na njia ya kufanya mapatano ya kukiri kosa sasa ipo katika sheria zetu wenyewe: Kenya tangu 2008, Tanzania Bara tangu 2019. Kenya ina sheria ya kulinda mashahidi ya 2006, Tanzania ina ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Yaani mfumo uliozaa tawasifu ya Barnes umeshaingia nyumbani, ingawa tawasifu yenyewe bado. Ikija, wasomaji hawatakuwa wageni wa aina hiyo ya kitabu. John Kiriamiti, mwizi wa benki aliyefungwa Kenya mwaka 1971, alitoa My Life in Crime mwaka 1984, na vijana wa vizazi kadhaa wamekisoma hadi karatasi zikachakaa. Mwaka 1989 Kiriamiti alifanya jambo ambalo Barnes hakulifanya: alitoa kitabu cha pili kinachosimulia kisa kilekile kwa sauti ya Milly, mwanamke aliyeishi na jambazi bila kujua anaishi na nani. Ni yeye mwenyewe Kiriamiti aliyeshika kalamu, kwa hiyo si ushahidi huru. Lakini walau alijua kwamba kuna kiti kingine mezani.

Katika ugomvi juu ya Barnes viti vingi ni vitupu. Sikiliza wanaojadili: Fisher alistahili? Mwanamke yule alikosa? Baraza lilivunja kiapo kwanza au Barnes ndiye aliyekivunja? Watu saba, na maswali yote yanawazunguka hao saba. Fisher mwenyewe alisoma gerezani hadi shahada ya uzamivu ya sosholojia, akaachiwa 2020 baada ya zaidi ya miaka 35, na wengi walilipokea hilo kama tamati ya mchezo: aliyesalitiwa ametoka, msaliti amekufa bila jina lake. Ni tamati nzuri kwa filamu. Msomaji anayebishana hivyo, awe upande wa Barnes au wa Fisher, amekubali bila kujua kwamba jeraha kubwa katika kisa hiki ni lile walilotiana wauzaji wao kwa wao. Mtu wa Tanga au Malindi aliyemsindikiza teja wake kunywa methadoni kila asubuhi, huduma ambayo Muhimbili iliianza 2011, anaweza kuuliza wanunuzi wako ukurasa wa ngapi.

Wapo, ila si katika kitabu hiki. Claude Brown alizaliwa Harlem mwaka 1937, miaka minne baada ya Barnes, akapita mitaa ileile, magenge na shule za watoto watukutu. Mwaka 1965 alitoa Manchild in the Promised Land, ambamo heroini inaingia mtaani miaka ya 1950 na kuwachukua rafiki zake mmoja baada ya mwingine, kisha inamnasa mdogo wake wa tumbo moja. Wanaiba vitu vya mama zao, wanalala ngazini, wanakufa. Wauzaji humo ni vijana anaowajua kwa majina, na hawatukuzwi wala hawalaaniwi sana. Kinachochukua nafasi ni nyumba zilizobaki. Kitabu hicho kiliuzwa kwa mamilioni na kikasomeshwa mashuleni. Barnes na wenzake walipoapizana udugu mwaka 1972, kilikuwa kimekaa madukani miaka saba.